Umerudi Mbeya na mapafu mapya: namna ya kuishi nyumbani baada ya kupandikizwa

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae ndugu yake, au yeye mwenyewe, amepandikizwa mapafu na sasa anarudi nyumbani, iwe Mbeya mjini, Tukuyu, Makete, Njombe au Iringa, mana sisi tulivyorudi hatukupata mtu wa kumuuliza hata mmoja. Hapa nchini figo zinapandikizwa, Muhimbili walianza 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018, ila mapafu bado, kwahiyo mtu wako atakua ametokea India au Afrika Kusini, na atakua amerudi na furushi la dawa pamoja na karatasi za maelekezo. Mdogo wangu alifanyiwa Chennai kule India, mapafu yote mawili. Sisi tunakaa Uyole, hapa Mbeya.

Nimekua namuuguza toka tumerudi na kitu kikubwa nilichojifunza ni kwamba zile karatasi ziko sahihi kabisa ila zimeandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Zinasema "epuka moshi", hazisemi ufanye nini mwezi wa saba baridi la Uyole likiwa limeshika na bibi anataka jiko la mkaa liingizwe ndani. Zinasema "epuka mikusanyiko", hazisemi utamjibu nini shangazi aliyetoka Kyela na gari mbili na ndizi kuja kumpa pole mgonjwa. Kwahiyo kazi yako wewe unayeuguza ni kuchukua kila mstari kwenye ile karatasi na kuuliza hapa kwetu huu maana yake nini. Ntaeleza sisi tulivyofanya, na pale ambapo madaktari wenu wamesema tofauti wafateni wao, wao ndio wanaona vipimo vya mtu wenu.

Kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe

Mdogo wangu alikua na ugonjwa unaitwa LAM, jina lake refu ni limfanjioleiomayomatosisi, tumelizoea mpaka mama analitamka. Ni ugonjwa adimu sana na karibu wote wanaoupata ni wanawake, hasa wa umri wa kuzaa. Kuna seli zinafanana na za misuli laini zinaota kwenye mapafu mahali ambapo hazitakiwi, mapafu yanatengeneza vifuko vifuko vya hewa, na vile vifuko vinakula sehemu ya kupumulia taratibu mpaka mtu anashindwa kupanda ngazi tatu. Kwa X-ray ya kawaida mwanzoni unaweza usionekane, ni CT scan ya kifua ndo inaonesha vizuri. Huyu wetu aliambiwa ana pumu, miaka miwili anavuta dawa ya pumu, alafu akapewa dozi ya TB ya miezi sita wakati makohozi hayakuonesha kitu, alafu siku moja pafu likatoboka hewa ikajaa kifuani akaanguka akiwa anafua. Ni hapo ndo akapigwa CT scan. Siwalaumu waliomtibu mwanzo, ugonjwa wenyewe ndo unajificha hivo hata huko ulaya, ila kama una dada mwenye "pumu" isiyosikia dawa na pafu limeshawahi kutoboka, omba CT scan usisubiri.

Kuna dawa inaitwa sirolimasi inapunguza kasi ya LAM, Marekani waliiruhusu kwa ugonjwa huu 2015, na wapo wanaokaa nayo miaka mingi bila kufika kwenye upandikizaji. Kwetu ilikua tumechelewa. Naitaja kwa sababu moja: kama mgonjwa wako alikua anaitumia zamani na nyumbani kuna makopo yamebaki, yaondoe kabatini siku hiyo hiyo mnayorudi. Ile dawa inachelewesha vidonda kupona, na pale njia ya hewa ya mapafu mapya ilipoungwa na ya kwake panaweza kuachia akiinywa miezi ya mwanzo. Huko mbeleni daktari anaweza kuirudisha, ila sio wewe.

Saa za dawa, hapa ndo pa kwanza kukaa sawa

Mwili hauwezi kuyazoea mapafu ya mtu mwingine, utayapiga vita maisha yote, kinachouzuia ni dawa tu. Kawaida zinakua tatu: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, pamoja na nyingine za kukinga maambukizi kama Septrini. Takrolimasi ndo mfalme. Inanywewa kila baada ya masaa 12, sio "asubuhi na jioni", ni masaa 12.

Sasa angalia mitego miwili. Wa kwanza, India wako mbele yetu kwa masaa mawili na nusu. Kama kule alikua anakunywa saa tatu asubuhi, hiyo kwetu ni saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Usiseme basi tuendelee na saa tatu ile ile, utakua umemchelewesha masaa mawili na nusu siku ya kwanza tu. Sisi tuliongea na koodineta wa kule, yani mratibu wa wagonjwa wa hospitali, kwa WhatsApp tukasogeza nusu saa ikakaa saa moja asubuhi na saa moja usiku, hapo hakuna mtu wa kusahau mana usiku ni mda wa taarifa ya habari.

Wa pili umenitisha zaidi. Karatasi zao zimeandikwa kizungu, 8 asubuhi 8 usiku. Mama yetu akiona 8 anasoma saa nane. Siku moja nilikua nimeenda mjini, nikapiga simu kuuliza kama ameshapewa dawa ya Septrini mama ananiambia "bado mwanangu, imeandikwa saa nane", na kweli imeandikwa nane. Siku hiyo nilikaa chini nikaandika upya ratiba yote kwa Kiswahili, kwa saa zetu, kwa maandishi makubwa, nikabandika kwenye mlango wa kabati, na nikaweka alamu kwenye simu tatu za watu tofauti. Fanya hivo kabla mzigo haujafunguliwa.

Mengine ya dawa kwa haraka. Ukisahau dozi usinyweshe mbili kwa pamoja kufidia, piga simu uulize. Akitapika mda mfupi baada ya kunywa, piga simu. Vidonge vya mikofenoleti visivunjwe wala kusagwa, na kama kuna mjamzito ndani ya nyumba asivishike hivyo vikiwa vimefunguka mana unga wake unaharibu mimba. Na takrolimasi ikija na boksi tofauti na lile mlilozoea, usimpe kwanza, piga picha boksi tuma kwa daktari, zipo za masaa 12 na zipo za siku nzima na hazibadilishani hata kama namba ya miligramu ni ile ile.

Kipimo cha damu

Takrolimasi ikiwa chini mapafu yanakataliwa, ikiwa juu figo zinaumia, kwahiyo wanapima kiwango chake kwenye damu. Damu inatolewa asubuhi KABLA hajanywa dawa, masaa 12 tangu ya jana usiku. Hapa watu wengi wanakosea, anakunywa dawa nyumbani alafu anaenda maabara, majibu yanakuja juu, daktari anapunguza dozi bure. Sisi tunabeba dawa kwenye mkoba, damu ikishatoka tu anakunywa pale pale kwenye benchi. Inatolewa kwenye ile chupa ya kofia ya zambarau. Sio kila maabara wanakipima, ulizeni mapema kabla hamjarudi ni wapi mtapeleka, na kama sampo inasafirishwa muulize inachukua siku ngapi ili mpange. Kriatinini inayoonesha hali ya figo, potasiamu, sukari na picha kamili ya damu hizo zinafanyika hapa hapa Mbeya bila shida.

Duka la dawa ndo mahali pa kuogopa

Nasema hivi kwa uchungu. Mwezi wa pili tangu turudi mdogo wangu akapata mafua na kikohozi kidogo, mimi nilikua shamba, ndugu yetu mmoja kwa upendo tu akaenda duka la dawa akaeleza "mgonjwa anakohoa", akapewa klarithromaisini. Siku ya nne mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe, kichwa kinauma, presha juu. Tulivyopima takrolimasi ilikua imepanda vibaya na kriatinini imepanda. Aliyeuza hakua na kosa la kukusudia, hakuambiwa kama mgonjwa amepandikizwa, na aliyenunua hakujua kama kuna cha kusema.

Kwahiyo mfundishe kila mtu ndani ya nyumba, mpaka mtoto wa darasa la nne, kwamba hakuna kidonge kinachoingia mdomoni mwa huyu mtu bila daktari wake kujua. Zinazopandisha takrolimasi ni kama klarithromaisini, erithromaisini, flukonazoli na ndugu zake za fangasi. Zinazoishusha mpaka mapafu yanabaki hayana ulinzi ni rifampisini, ile ya TB, pamoja na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini. Yani akiugua TB, na huku kwetu TB ipo, matibabu yake lazima yapangwe na madaktari wa mapafu wakiwasiliana na wale waliopandikiza. Na za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, hizi tunakula kama karanga, zikikutana na takrolimasi zinachosha figo. Kichwa kikiuma ni parasetamo, na kabla ya parasetamo pima joto kwanza mana itaficha homa.

Dawa za kienyeji nazo hivyo hivyo. Watakuletea mizizi, unga wa mlonge, maji ya majani sijui ya nini kutoka Rungwe, na wanaoleta wanampenda kweli. Pokea, shukuru, weka pembeni, asinywe. Hasa zile wanazosema "zinaongeza kinga", sisi tunalipa hela nyingi kila mwezi kuishusha hiyo kinga ili isile mapafu.

Moshi na baridi

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Makete na Uporoto huko juu zaidi. Mwezi wa sita na wa saba nyumba inakua barafu. Desturi yetu ni jiko la mkaa linawashwa nje likishakolea linaingizwa sebuleni watu wanalizunguka. Kwa huyu mtu hapana kabisa, na kwa kweli hata kwa wengine ni hatari, ule moto hata usipotoa moshi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na kuna familia zimelala hazikuamka.

Sisi tulifanya hivi: chumba chake kiko upande jua linapoingia asubuhi, dirisha linafunguliwa saa nne mpaka saa nane hata kama kuna baridi, tukanunua blanketi mbili nzito na soksi za sufu zile wanazouza wamama wa Makete, na usiku analala na chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye khanga. Kupika tukahamia gesi. Kuni zikitumika, mana makande kwa gesi ni gharama, ni jiko la nje nyuma ya nyumba na mlango wa huko unafungwa, na anayepika abadilishe nguo kabla ya kuingia kwake. Mwezi wa nane mpaka wa kumi ni vumbi na watu wanachoma mashamba na tanuru za tofali, hapo anakaa ndani mchana na akitoka anavaa barakoa iliyobana vizuri. Tulienda kwa jirani mwenye tanuru, kwa adabu na kilo mbili za sukari, tukamuomba atupe taarifa siku moja kabla ya kuchoma. Hajawahi kusahau.

Kingine ni ukungu, sio ule wa asubuhi barabarani, ule mweusi unaoota ukutani na kwenye dari, Tukuyu na mvua zake ndo nyumbani kwao. Ule ni fangasi, na fangasi kwenye mapafu yaliyopandikizwa ni ugonjwa mkubwa. Kama ukuta umeota hamisha mgonjwa kwanza, alafu mtu mwingine ausugue na jiki na kupaka rangi upya, yeye asirudi mpaka pamekauka kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo asiingie ghalani, asipukuchue mahindi, asichague maharage yaliyooza, asifagie banda la kuku wala kugusa mbolea ya samadi. Kinyesi cha kuku na cha popo kina fangasi zake. Huyu wangu alikua mkulima wa viazi na hilo lilimuumiza kuliko mshono wenyewe. Mwaka wa kwanza alikaa ukingoni mwa shamba kwenye kiti anahesabu magunia na mimi nachimba, tukaona ni bora hivyo kuliko kumfungia ndani.

Wageni, misiba na kanisa

Huku kwetu mgonjwa anaangaliwa na watu. Mtu akitoka India akafika uwanja wa Songwe ukoo mzima unataka kumuona, kumshika mkono, kumkumbatia, kumuombea akiwa amewekewa mikono kichwani. Na wewe ukisema hapana unaonekana unaringa au unaficha kitu. Sisi tulikosea mwanzo, tulijaribu kumkataa kila mtu mmoja mmoja, maneno yakawa mengi.

Kilichosaidia ni kumtumia mzee. Tulimpa baba mdogo maelezo yote, akaelewa, akaita kikao cha ukoo, akawaambia kwa kinywa chake kwamba huyu mtoto kinga yake imeshushwa makusudi ili mapafu yakae, mafua yako wewe ya siku tatu kwake ni kulazwa, kwahiyo miezi sita ya kwanza anayetaka kumsaidia asaidie nauli na dawa, salamu zitafika kwa simu. Neno likitoka kwa mzee halina ubishi. Baadae tukafungua kidogo: wageni wawili kwa siku, wanakaa nje barazani, kuna ndoo ya koki na sabuni getini, kila mtu barakoa, hakuna kupeana mkono. Tulimfundisha yeye awahi kuweka mikono kifuani na kuinama kabla mgeni hajanyoosha wake, hapo hakuna anayeaibika. Mwenye kikohozi, mafua, tetekuwanga au surua nyumbani kwake asije kabisa.

Watoto wachanga waliopewa chanjo ya matone ya polio au ya rota, nepi zao asibadilishe yeye. Na yeye mwenyewe asichomwe chanjo yoyote yenye kirusi hai, homa ya manjano ikiwemo, hata kama mtu wa safari anamdai kadi.

Misiba ndo ngumu. Mnajua msiba wa Kinyakyusa ulivyo, siku kadhaa, watu wamejaa, moshi wa kuni, kulala chini. Haendi. Mwaka wa kwanza haendi hata wa karibu. Anatuma rambirambi kwa jina lake, mtu wa nyumbani anasimama na kusema "hii ni ya fulani, anaumwa, moyo wake uko hapa", na baada ya wiki mbili anaenda na bajaji kukaa na wafiwa nusu saa nje uani wakiwa wamebaki wachache. Kanisani tulianza na ibada ya kwanza ya asubuhi, anakaa nje karibu na mlango, anatoka kabla watu hawajasalimiana.

Kuna kitu lazima niseme. Atatokea mtu amwambie aache dawa kama ishara ya imani. Kwetu alitokea. Mimi ni mlokole na naamini Mungu ndie alimvusha, ila tulienda kwa mchungaji wetu tukamueleza kwamba dawa zikiachwa mapafu yanaweza kukataliwa ndani ya siku au wiki chache, na yeye mwenyewe akatangaza mbele ya watu kwamba dada huyu anaombewa akiwa anakunywa dawa. Nenda kwa mchungaji au shekhe wako kabla wengine hawajamfikia mgonjwa.

Chakula

Safi, kimeiva, cha moto. Maziwa yachemshwe hata kama yametoka kwa ng'ombe wa nyumbani unaemjua, mtindi wa kienyeji wa maziwa mabichi hapana, mayai yaive mpaka kiini kigumu, nyama isiwe na damu, kachumbari ya mgahawani hapana. Maji yachemshwe. Karanga na mahindi yenye kuvu yatupwe, sumukuvu haiondoki kwa kupika. Ulanzi na komoni aachane nazo. Balungi na danzi asile wala asinywe juisi yake, yanapandisha takrolimasi. Machungwa ya kawaida hayana shida.

Alafu hili hatukuambiwa mpaka vipimo viliposema. Takrolimasi inapandisha potasiamu kwenye damu na Septrini nayo inaongezea. Sasa vyakula vyenye potasiamu nyingi ni vipi? Ndizi, parachichi, viazi, maharage. Yani ndo sisi wenyewe, ndo Mbeya yote kwenye sahani. Mdogo wangu alikua anapewa ndizi za kupika mchana na parachichi mbili jioni apate nguvu, potasiamu ikapanda na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Sisemi asile, nasema pima kwanza ujue yuko wapi. Kwetu tulihamia ubwabwa wa Kyela na ugali kama chakula kikuu, viazi tunamenya tunakata vidogo tunachemsha na maji mengi tunamwaga, parachichi nusu mara chache kwa wiki.

Na prednisoloni inaleta njaa na sukari, soda na chai yenye vijiko vinne ziishe ndani ya nyumba kwa wote, sio kwa yeye peke yake anaangalia wenzake. Chakula cha usiku mapema, masaa matatu kabla ya kulala, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa tofali moja moja, mana tindikali ya tumbo ikipanda usiku inamwagikia kwenye mapafu na inayaharibu.

Kila asubuhi: mashine, joto, uzito

Alirudi na kamashine kadogo ka kupuliza, spairomita. Kila asubuhi mda ule ule anapuliza mara tatu kwa nguvu zote, tunaandika kubwa kuliko zote kwenye daftari la mistari. Ndo kitu cha thamani kuliko vyote mlivyobeba. Namba ikishuka kwa asilimia 10 kutoka kwenye kawaida yake na ikabaki hivyo kesho yake, unapiga simu hata kama anacheka na anakula. Mapafu yaliyopandikizwa yamekatwa mishipa ya fahamu, mtu anaweza kuwa na makohozi yamejaa asisikie haja ya kukohoa, na prednisoloni inaficha homa. Kwahiyo "anaonekana mzima" sio kipimo. Namba ndo kipimo.

Tunapima pia joto, presha, uzito na ile ya kubana kidole. Jua kwamba kwa huku juu oksijeni inasoma chini kidogo kuliko Dar, kwahiyo andika ya kawaida yake wiki ya kwanza akiwa mzima ndo ulinganishe nayo. Joto likifika 38, pumzi ikibana, makohozi yakibadilika rangi, akiharisha zaidi ya siku moja, uzito ukiruka kilo mbili kwa siku mbili, hospitali. Kuharisha watu wanakudharau ila kunapandisha takrolimasi pamoja na kukausha figo. Na homa isidhaniwe malaria tu kwa kuwa ni homa, hasa kama hajashuka Kyela, apimwe malaria na vingine vyote siku hiyo hiyo.

Hospitali nenda na karatasi moja tu, sio faili zima. Sisi tumeandika: amepandikizwa mapafu mawili, tarehe, sababu LAM, dawa na dozi zake, aina ya dawa asizopewa, namba ya koodineta na daktari wa kule. Nakala moja kwenye mkoba wake, moja kwangu, moja kwenye simu. Daktari wa zamu usiku hana mda wa kusoma kurasa 60, na ukiwa na ile moja anakusikiliza tofauti. Wakikuambia asubiri kwenye foleni la wanaokohoa, omba kwa upole akae nje kwenye hewa mpaka aitwe.

Mshono na mazoezi

Kwa mapafu mawili wanakata kifua kwa mlalo chini ya maziwa. Miezi mitatu asinyanyue kitu kizito zaidi ya kilo nne au tano, yani ndoo ya maji hapana, mtoto mgongoni hapana. Kutembea ndio, kila siku. Shida ya huku ni milima, kila ukitoka ni kupanda au kushuka. Tulianza sebuleni mizunguko kumi, tukaenda barabara iliyonyooka asubuhi kabla ya vumbi, kilima tukakiacha mpaka mwezi wa tano. Miguu inachoka kabla ya mapafu, ni kawaida, misuli imelala mda mrefu. Kofia pana na mikono mirefu lazima hata kukiwa na baridi, jua la huku juu ni kali na dawa hizi zinaongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Kichwani

Prednisoloni inamfanya mtu halali, anakasirika bure, uso unavimba mpaka hajitambui kwenye kioo. Mwambieni mapema kwamba ni dawa, dozi ikishuka uso unarudi. Ila kuna kingine hakitokani na dawa. Usiku mmoja aliniambia "dada, kuna mama kule analia na mimi napumua". Sikua na jibu, nilikaa nae tu. Mapafu yale yalitoka kwa mtu aliyefariki ambae familia yake ilikubali, hatuwajui na hawatujui. Niliuliza hospitali wakasema anaweza kuandika barua bila jina, wao wataangalia namna ya kuifikisha. Ilimchukua wiki tatu kuandika ukurasa mmoja. Mruhusuni aongee hayo, msimkatishe na "mshukuru Mungu tu".

Kwa wenye LAM

Asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na mimba kabisa wasishike wakiwa kwenye mikofenoleti, aongee na daktari juu ya njia nyingine. Figo zipigwe ultrasound mana LAM inapenda kuota uvimbe kule, na mapafu mapya hayaondoi hilo. Mara chache ugonjwa unarudi hata kwenye mapafu mapya, kwahiyo chekapu haziishi.

Dawa zisikatike

Siku mnayofika nyumbani hesabu vidonge vyote uandike tarehe vitakapoisha, alafu rudi nyuma wiki sita, hiyo ndo tarehe ya kuagiza. Sio wiki moja. Takrolimasi Mbeya unaweza kuikosa kwenye maduka yote, sisi tunaagiza Dar inakuja kwa basi, na mabasi yanachelewa, Kitonga kunafunga gari likianguka, wanaouza nao wanaishiwa. Haihitaji friji, ila isikae kwenye dashibodi juani. Tunaweka akiba ya mwezi mmoja kwenye boksi jingine nyumbani kwa baba mdogo, nyumba ikiungua au kuibiwa tuna pa kuanzia. Hela yake tumeipangia kikundi cha ndugu nane kila mtu na mwezi wake, jina na tarehe vimeandikwa, mana michango ya "tutaona" mwezi wa nne ilikua imeshakauka.

Na kwenye safari ya kurudi kwenye chekapu, dawa zinakaa kwenye begi la mkononi, zote, haziendi kwenye buti wala kwenye mizigo ya ndege. Gawa mara mbili, nusu kwake na nusu kwa anaemsindikiza, pamoja na lile daftari la kupuliza. Daktari wa kule kitu cha kwanza alichoomba mara ya mwisho kilikua lile daftari, alikaa nalo dakika kumi anafungua kurasa moja moja.